Mabomba ya Chuma

Fundi wa mabomba ya kupasha vyumba joto, huku kwenye baridi ninakoishi, aliniuliza nataka ya plastiki au ya chuma.

"Ya plastiki hayana kelele," alisema, huku akizungushia kiungio katani ili maji yasivuje. Harufu ya ile katani yenye mafuta ilinirudisha Lamu, kwenye nyumba yetu ya mawe.

Baba alikuwa amefariki na mama yumo edani, orofani, haonekani wala hasikiki na mwanamume asiye maharimu wake. Fundi wa huko alipandisha bomba la chuma kutoka kisimani hadi orofani kwa mama, akaniita.

"Mwambie mamako, mai yakifika yuu, nagonge bomba mara moya. Nami tamjibu."

Maji yakapanda. Mama akagonga: ngo! Fundi akajibu kwa spana yake, akakusanya vyombo, akenda zake.

Baada ya alasiri nilikaa chini peke yangu, shavu nimelilaza kwenye bomba kwa ule ubaridi wake. Ngo. Kisha kimya. Ngo, tena. Lakini maji yalikuwa yamejaa tangu adhuhuri. Nilidhani mama anamwita baba, nikaona si adabu kuitika mimi. Akagonga mara moja zaidi, akaacha.

"Ya chuma," nilimwambia fundi.

Leo amemaliza, ameondoka. Mabomba yamepata joto nyumba nzima. Nimevua pete, nikagonga nayo bomba mara moja, nikalaza shavu nisikilize.