Tulivyompa Mama Zuhura wa Chilangala ukapteni wa chombo cha anga

Wakuu, poleni na majukumu. Leo nina furaha imenijaa hadi kooni, na nitakayosema niliyaona kwa macho yangu.

Mimi ni mpiga video za harusi, nakaa Mkomaindo, Masasi. Na rafiki yangu Hamisi, mtu wa editing, tuliamua kutengeneza filamu fupi ya sci-fi. Dunia imekauka, chombo kinaondoka kwenda kutafuta maji sayari nyingine. Kamera ni ile ile ya harusi.

Kapteni tulimwandika binti wa mjini, Kiingereza kwa wingi. Filamu za anga tulizokua tukizitazama zilikuwa hivyo, basi tukadhani ndiyo sheria.

Location tukapata Chilangala, kule Newala. Ghala la korosho la Mama Zuhura, msimu umeisha, liko tupu. Tukabandika foil ukutani, tukafunga taa za ukumbini. Wakuu, likawa chombo kweli!

Mama Zuhura ni mkulima, amevuka sitini, ana chale za Kimakonde usoni. Siku mbili alikaa juu ya gunia akitazama mazoezi. Ya tatu akaniita.

Nikamwamkia, akaitika marahaba, akauliza hadithi yetu ni ya miaka mingapi mbele. Nikamwambia mia mbili.

"Na huko mbele, mwanangu, Wamakonde tutakuwa tumekwisha?"

Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayeulizia mvua. Mimi Mmakua, nikagundua hata sisi Wamakua sikutuweka humo.

Nikamwambia Hamisi tumjaribu Mama Zuhura kama kapteni. Akakataa katakata. Lafudhi ile, chale zile, watu watatucheka mpaka tuhame mji.

Aliyemaliza ubishi ni Neema, binti mwenyewe aliyepewa ukapteni.

"Mimi nitakuwa fundi wa injini. Kapteni ni yeye."

Mama akakubali kwa sharti moja, tusimpake poda ya kuficha chale.

Filamu tuliionyesha Newala, ukumbi wa shule, Jumamosi mchana, madirisha tumeyaziba kwa khanga. Uso wa Mama ulipojaa ukutani, nyuma wakaanza kucheka. Hamisi akainamisha kichwa.

Halafu ikafika sehemu ambayo hatukuiandika kabisa. Siku ya shooting, kabla ya chombo kuruka, Mama aligoma kufunga mlango bila kuhesabu watu wake. Akaanza kuita majina kwa Kimakonde, majina ya majirani zake halisi.

Ukumbini, bibi mmoja aliyetoka Chilangala akasikia jina lake. Akasimama.

"Nipo!"

Jina lililofuata, mwingine akaitika. Na mwingine. Waliokuwa wanacheka sasa wanatega sikio wasije wakarukwa. Mama Zuhura mwenyewe, mstari wa mbele, alikuwa amejifunika mdomo kwa mtandio.

Chombo kiliporuka, vigelegele vilizidi sauti ya injini tuliyohangaika nayo wiki nzima.

Jumatatu Hamisi alinitumia script mpya, mwanasayansi mkuu ni mama mkwe wake wa Chiungutwa, anaongea Kimakua.

Nilichojifunza: kwenye hadithi za kesho hatukufukuzwa na mtu. Tulikuwa tunajiandika nje wenyewe, kwa kalamu yetu.

Haya wakuu, uwanja wenu. Kwenu nani angefaa kuwa kapteni, na angeongea lugha gani? Mnaotaka kunikosoa, karibuni pia.