Mifuko Minne ya Fundi Yunusu

Fundi Yunusu, mwenye cherehani barazani mjini Mbeya, alikuwa mtu wa kuchosha. Umwambie mvua inanyesha Iyunga, atakuuliza mbona hujaloa. Watu walimcheka, lakini wakigombana walimwendea yeye, maana alishona kitambaa chenye mifuko minne akakitundika ukutani, kila mfuko na swali lake. Nani aliona kwa macho yake? Akidanganya anapata nini? Alama iko wapi? Haiwezi kuwa jambo jingine? Swali likijibiwa, anatia kifungo mfukoni. Vikitimia vinne, anaiamini habari. Visipotimia haamini, hata umlilie.

Mwaka 1954 Lutengano, mkulima wa milimani, alileta habari kwamba Muhidini, mwana wa pekee wa Yunusu, amefia machimboni Afrika Kusini. Aliisikia sokoni Mbalizi. Chiku, mkewe fundi, akataka watu waitwe, khitima isomwe.

"Nani aliona?" Yunusu akauliza.

"Baba Muhidini, huyu ni mwanetu, si kesi ya mbuzi."

"Mifuko mitupu, mama. Hatusomi."

Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Aliogopa tu, aliona akikubali kisomo, yeye ndiye atakuwa amemzika mtoto. Chiku hakubishana. Alifunga mzigo, akapanda lori kwenda Iringa kwa dada yake, akarudi baada ya mwezi, akaendelea kupika.

Ikapita miaka mitatu. Siku moja akaja Jailos, ametoka machimboni, ana koti mkononi. Alikuwa na Muhidini jiwe lilipoanguka, akamzika kwa mikono yake. Kifungo. Koti lile angeweza kuliuza njiani, nani angemuuliza? Kifungo. Yunusu akageuza kola, akauona uzi wa kijani aliouficha mwenyewe siku mwanawe aliposafiri. Kifungo. Cha nne alikishika muda mrefu, kisha akakitia.

Hakulia. Aliyangoja machozi, hayakuja. Akalikunja koti, akaingia ndani.

"Mama Muhidini, imetimia. Kesho tusome khitima."

Chiku alikuwa mkekani anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Mimi nilimsomea Iringa, wiki ile ile niliyofika. Nikamlilia, nikamaliza. Sikukwambia, maana ungeniuliza nani aliona."

Yunusu alisimama pale na koti lake. Chiku akasogea kidogo, akamwachia nafasi mkekani. Fundi akaketi, akaanza kuchambua maharage naye.