Jino la Nasor

Harufu ya liwa hunitia haya. Wenzangu huwakumbusha harusi. Mimi hunijia mdogo wangu Nasor, kasimama barazani na jiwe mkononi, machozi yanamlenga.

Ntakwambieni, ila mnistahamilie. Mimi skuli niliishia darasa la pili, na maneno yangu hayajui kupanga foleni.

Hatukuwa na muda mrefu tangu tutoke Unguja kuhamia huku nchi za Waarabu. Nasor ana miaka minane, mimi kumi na mmoja. Siku hiyo alitoka wadi ya Al Khoud, bonde la mto mkavu, na jiwe zito, bapa kama mkate wa ufuta (wa mama nnautamani mpaka leo), na ubavuni limechomoza jino. Jino khasa! Refu kama kidole, limepinda, kingo zake kama msumeno. Akalifunga kwenye kanga, akalificha chini ya kitanda.

Wiki ile dada yetu mkubwa akiolewa. Mama akaniambia nisage liwa, msandali wa kumpaka bibi harusi, na msio wetu, jiwe la kusagia, ulibaki Unguja. Basi nikalitoa la Nasor. Lilikwaruza vizuri! Nikatia marashi ya mawaridi, nikasugua msandali. Tatizo lile jino, linanigonga vidole kila nikisugua. Nikachukua mchi, nikalipiga mara mbili. Likavunjika vipande, nikavitupa jaani pamoja na maganda ya vitunguu. Jiwe nikaliosha, nikalirudisha.

Kumbe Nasor keshajitapa kwa Ami, kaka yake baba, mtu asiyetengana na bakora yake. Jioni Ami akamwita mbele ya wageni.

"Haya, lete hilo jino la zimwi tulione!"

Nasor akafungua kanga. Jiwe tupu.

"Limekwenda wapi? Kumtafuna mtu?"

"Wallahi, Ami, lilikuwepo!"

"Usiape uwongo, mtoto wewe!"

Watu wakacheka. Nasor akaliinua jiwe mpaka usoni, kisha akanitazama. Mimi nikaitazama sahani ya biriani. Tangu siku hiyo akaitwa Nasor Jino, mpaka skuli, na hakuokota tena hata kokoto.

Juzi mjukuu wangu kanipeleka makumbusho. Ndani ya kioo, jino kama lile lile. Akanisomea: dinosaria mla nyama, wa zama za Kretasia, limeokotwa mawadini huku huku kwetu. Nikampigia Nasor, mzee sasa, ana duka mtaa wa Wattaya, nikamweleza yote huku nnalia.

Akasema, "Dada, lile jiwe lilikuwa linanuka liwa."

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Ami alikuwa na bakora mkononi."

Umri wangu wote nilidhani siku ile aliniangalia kwa kuniuliza. Kumbe keshapata jibu, akachagua aitwe mwongo yeye kuliko nipigwe mimi.

Siku hizi wakisaga liwa nyumbani, mimi hukaa chumba cha pili.