Darasa la Bure Kwenye Ghala la Mukene

Mwanzoni mwa muhula huu shuleni kwetu hapa Tororo tuliletewa vifaa vipya vya kufundishia Kiswahili, na kwa kuwa ofisi ya walimu imejaa hadi mlangoni, sanduku likalazwa stoo ya jikoni. Asubuhi lilipofika mezani kwangu nilikata utepe, nikafungua, na pua yangu ikapokea vitu viwili kwa pamoja: karatasi mpya na mukene wakavu, wale dagaa wadogo wa ziwani ambao wenzetu wa upande wa Kenya huwaita omena. Harufu ya karatasi mpya naipenda tangu utotoni. Harufu ya mukene ni ya chakula cha mchana, sina ugomvi nayo. Lakini zilipochanganyika, nililisukuma sanduku kando. Nilikaa chini nikaomba maji, na mwalimu mwenzangu akaniuliza kama nina malaria.

Nilimwambia ni uchovu tu. Ninyi nitawaambia ukweli, maana jambo hili nimelikalia muda mrefu.

Nilikulia Busia, upande wa Uganda. Mama alikuwa mchuuzi wa ndizi, akizivusha mpaka kila asubuhi. Dada yangu Nabwire alikuwa amemaliza shule na yuko nyumbani akingoja bahati. Kukhu, yaani bibi yetu mzaa baba, alikaa uani akipepeta mtama na kusema yale ambayo hakuna aliyetaka kuyasikia. Baba alikuwa ameshatutoka. Kiswahili chetu kilikuwa cha sokoni, kilitosha kununua, kuuza na kutukanana. Shuleni kulikuwa na kitabu kimoja tu cha Kiswahili, cha mwalimu, kimepoteza jalada, nasi tulikiona kwa mbali. Mimi nilikuwa na uroho wa maneno. Nilisoma maandishi ya magunia ya unga, nikasoma ubavu wa malori yaliyopanga foleni mpakani, na dereva mmoja aliwahi kunifukuza akidhani nataka kuiba.

Basi siku moja gari lenye vipaza sauti likapita mtaani kwetu. Lilitangaza mafunzo ya Kiarabu kwa wasichana: kusoma bure, vitabu bure, chai bure, na mwisho wa mafunzo, kazi za nyumbani Uarabuni. "Njooni," lilisema, "njooni, nafasi ni chache." Mama alisimama mlangoni na beseni kichwani mpaka sauti ikapotelea upande wa sokoni.

"Kitu ya bure iko na mwenyewe," Kukhu alisema, bila kuinua macho kwenye ungo.

Kwa Kiswahili cha vitabuni tunasema rahisi ghali, ila ya Kukhu naiona kali zaidi. Lakini sikio la kufa halisikii dawa, na paa letu lilikuwa linavuja.

Darasa lenyewe lilikuwa ghala la mukene karibu na barabara ya malori. Magunia yalihamishwa, harufu ikagoma kuhama. Shule zilipofungwa nilimfuata Nabwire, nikajibanza kando yake kwenye benchi, wala hakuna aliyenifukuza. Nikwambieni, nilidhani nimeingia mbinguni. Ukutani kulikuwa na chati za rangi: jiko la umeme, pasi, mashine ya kufulia, kitanda cha mtoto mchanga. Kulikuwa na spika iliyotamka maneno kwa sauti ya mwanamke asiyechoka. Na kila msichana alikuwa na kitabu chake, kipya, kinachong'aa. Cha Nabwire nilikinusa kwanza ndipo nikakifungua.

Mwalimu aliitwa Madamu Agneta. Alitoka upande wa Kenya na alivuka kila siku kuja kufundisha. Yeye mwenyewe alikuwa amefanya kazi huko kwa Waarabu akarudi, ndiyo maana aliaminiwa. Alikuwa mpole, mwenye sauti nzuri, na alivaa sweta hata bati lilipochemka, mkono mmoja wa sweta ukiwa umevutwa mpaka kwenye vidole. Mlangoni, juu ya kiti cha plastiki, alikaa mwanamume wa ofisi iliyoleta mafunzo, akichezea simu. Tulimwita Bosi kwa sababu hakutupa jina lingine.

Kufundisha kwake Madamu kulikuwa hivi. Alipiga kofi moja na kusema, "Taali!" Maana yake ni njoo. Wasichana wote waliacha walichoshika, wakakimbia mbele, wakasimama wameinamisha macho na kusema, "Hadhir, madam," yaani niko tayari. Aliyechelewa alirudia peke yake. Mwanzoni walikuwa wakikimbia huku wanacheka, wanagongana, sendo zinawavuka. Baada ya muda hawakucheka tena, na hakuna aliyechelewa. Mimi niliona ni maendeleo.

Nyumbani Mama akaamua Nabwire afanye mazoezi, na madamu wa mazoezi nikawa mimi. Nilikalishwa kwenye kiti chetu kimoja kizuri, nikafungwa kitambaa cha Mama cha kanisani. Nikisema "Taali!" Nabwire alitoka popote alipokuwa, hata kama mikono ina povu la sabuni. "Hadhir, madam." Majirani walikuja kutazama. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, maana aliona mabati mapya tayari yako juu ya nyumba. Nami nilinogewa. Nani asingenogewa, mtoto mdogo kumwita mkubwa akaja mbio?

Kukhu peke yake aligeuza kigoda chake akatazama ua. "Mchezo gani hii," aliuliza, "mtu moja nakimbia, ingine nakaa?"

Halafu Nabwire akashikwa na homa ya kweli. Alilala kwenye mkeka akitetemeka, nami nikaja na kitambaa changu kichwani nikasema "Taali!" Alijaribu kuinuka, akaanguka tena. Aliniambia kwa Kisamia, lugha yetu ya nyumbani, kwamba anaumwa. Nikamwambia, kwa ule ukali wa madamu, aseme kwa Kiarabu. Akafikiri. Akanitazama. Hakuwa na neno hilo. Nilichukua kitabu nikatafuta, ukurasa kwa ukurasa. Nilipata supu, nepi, dawa ya choo, haraka, tena, samahani. Kuumwa hakukuwamo.

Aliporudi darasani nilinyoosha mkono mimi, maana ulimi wangu haukuwa na adabu. "Madamu, naumwa inasemwaje?"

Madamu Agneta alitazama mlangoni. Bosi alikuwa ameinua macho kutoka kwenye simu.

"Hilo halimo katika mafunzo," alisema.

"Basi nimechoka?" akauliza Taaka, msichana wa kutoka Buteba aliyependa utani.

"Na sitaki?" akasema mwingine nyuma, na darasa likaangua kicheko. Kicheko kilikatika chenyewe. Bosi alikuwa amesimama katikati ya mlango, mwanga ukiwa nyuma yake, anatabasamu.

"Madamu, endelea na somo," alisema.

Madamu alipiga kofi. Alilipiga kwa nguvu kuliko siku zote, na ule mkono wa sweta ukarudi nyuma. Niliuona mkono wake. Ngozi ilikuwa imekunjamana, inang'aa, na kovu lilikuwa na ncha kama ya pasi. Nikasema moyoni, kumbe Madamu naye hajui kupiga pasi. Ndivyo nilivyoelewa siku ile. Wasichana walikuwa tayari wamefika mbele, wameinamisha macho.

Baada ya siku hiyo Madamu hakufundisha tena. Bosi alisema amepata kazi nzuri zaidi, na kuanzia hapo spika ndiyo iliyofundisha. Lakini mimi nilimwona. Alikuja sokoni, kwenye meza ya Mama, akachagua ndizi bila kuzitazama.

"Mama Nabwire," alisema kwa sauti ya chini, "huyu msichana wako usimwache aende. Na si mimi nimekwambia."

Mama alimwangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Wewe nakwenda, narudi, iko na viatu mzuri," alimjibu. "Mtoto yangu nakataa nini?"

Madamu Agneta alilipia ndizi akaziacha pale pale mezani. Nilifurahi, nikazila. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mtoto mwenye ndizi mkononi hatazami juu.

Nabwire aliondoka na wenzake kwa basi la Nairobi, wote wamevaa fulana za rangi moja ili wasipotee uwanja wa ndege. Alinibana mpaka mbavu zikauma. Kukhu hakutoka ndani.

Mwanzoni Nabwire alipiga simu. Alisema nyumba ni kubwa, watoto ni wengi, chakula kipo. Kisha simu zikaanza kuwa fupi, halafu zikawa za nadra. Siku moja, msimu wa mvua za masika, Mama alikuwa ameiacha simu nyumbani iingie chaji, ikalia, nikaipokea. Sauti ya dada yangu ilikuwa ndogo, kana kwamba amejifunika shuka.

"Mama yuko?"

"Yuko soko."

Nikasikia akivuta pumzi. "Ajiambo, ongea tu. Ongea kitu yoyote, nisikie."

Ukiambiwa uongee kitu chochote, maneno yote yanakukimbia. Nilitafuta la kumfurahisha, nikakumbuka mchezo wetu. Nikaikaza sauti kama zamani. "Taali!"

Kitu cha udongo kilianguka huko kikavunjika. Nikasikia miguu, miguu mitupu, ikikimbia kwenye sakafu ngumu, inaenda mbali na simu. Na kwa mbali, sauti inayohema: "Hadhir, madam. Hadhir. Hadhir." Hakukuwa na mtu mwingine aliyemwita. Mimi nilikuwa nacheka, nikingoja naye acheke. Nilingoja mpaka simu ikakatika.

Baada ya hapo hakupatikana tena. Mama alikwenda ghalani kuwauliza wale watu, akakuta magunia ya mukene yamerudi mahali pake na mwenye ghala akasema wapangaji walishahama. Alama za gundi za chati bado zilikuwa ukutani. Mama alirudi akakaa kwenye kile kiti kizuri, hakuvua hata viatu. Wako waliorudi salama, siwezi kuwanyima haki yao. Taaka alimjengea mama yake nyumba ya matofali huko Buteba, na nyumba hiyo ndiyo iliyotushikilia: kila tuliposikia Taaka ametuma, tulisema wa kwetu naye yuko njiani. Kukhu alifariki tukisema hivyo, tukamzika kijijini Bulumbi.

Nabwire alirudi nikiwa nimeshamaliza shule ya msingi. Alikuja na mfuko wa plastiki na koti lisilo lake. Alikula, akalala, na asubuhi Mama akamwita kutoka uani, kwa furaha, kama mama yeyote: "Nabwire, njoo chai."

Alitoka mbio. Alisimama mbele ya Mama, macho chini, mikono imekunjuliwa tayari kwa kazi. Mama alibaki na birika mkononi, hajui pa kuliweka. Tangu siku ile hajamwita tena. Akimhitaji humfuata alipo, polepole, akamgusa bega.

Ilinichukua miaka kuelewa nilichokuwa nimekiona ghalani. Nilikuwa nalilia kitabu, na kitabu kilikuja, kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushika. Sikujua kwamba anayekuletea kitabu ndiye anayekuchagulia maneno, na kwamba shuleni kwetu hakuna aliyeleta vitabu kwa sababu hakukuwa na mtu aliyetaka kitu kutoka kwetu. Hata kovu la Madamu Agneta, kwamba kuna mtu aliyemchoma kwa pasi, nililielewa ukubwani, nikiwa napiga pasi sketi ya kazini, nikalazimika kuichomoa waya na kutoka nje.

Siku hizi Kiswahili kinatafutwa hapa kwetu kama sukari ya magendo. Walimu tunaitwa kwenye semina, wanafunzi wanajifunza kwa simu, vifaa vinakuja kwa masanduku. Nafurahi, msinielewe vibaya. Ila kila kifaa nakisoma kwanza mimi, mpaka pembeni, nikitafuta kilichoachwa. Chati za sanduku lile hazina ubaya. Zina salamu, matunda, vyombo vya jikoni, na pasi. Nilizibandika zote, kisha nikachukua chaki nikaandika ubaoni somo la kwanza la kidato cha kwanza: Sitaki. Naumwa. Nataka kwenda nyumbani. Mwalimu mkuu aliuliza kwa nini sikuanza na salamu. Nikamwambia salamu wanazijua tangu sokoni.

Nabwire anaishi nami hapa Tororo. Muhula huu nimemwomba awe anakuja kukaa nyuma, karibu na dirisha, asikilize tu. Nikisema "Sitaki," darasa zima linarudia kwa kelele, kwa raha ya watoto walioruhusiwa utovu wa adabu. Namtazama. Midomo yake inacheza. Sauti bado haijatoka.

Juzi, tukiwa katikati ya somo, gari lenye vipaza sauti lilipita barabarani. Lilikuwa linatangaza mafunzo ya lugha, sikusikia lugha gani, kwa wasichana, bure. "Njooni," lilisema, "njooni." Wanafunzi wangu waligeuza shingo dirishani. Nyuma yao dada yangu alikuwa tayari amesimama, macho chini, mikono imekunjuliwa. Niliiweka chaki, nikatembea polepole kati ya madawati, nikamgusa bega.