Jicho Lililobaki la Mwahija

Kila asubuhi, kabla hajashika ufagio, Mwahija huziba jicho la kulia kwa kiganja, ingawa jicho hilo halioni tena kitu. Kwa la kushoto huitazama mikorosho iliyo nyuma ya nyumba na kuihesabu. Ipo kumi na moja. Akiifikisha yote husema Alhamdulillahi na kuanza kufagia. Wiki hii, mara mbili aliishia tisa.

Kijiji kizima cha Kiranjeranje kililijua jicho lake. Karani wa chama cha msingi cha ushirika akibishana na mkulima juu ya gunia, aliitwa Mwahija. Alichukua korosho chache, akazigeuza kiganjani, akasema, “Daraja la pili hizi, zimelala na unyevu,” na ubishi ukaisha hapo. Mumewe alipofariki, aliibeba mwenyewe mgongoni mashine ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa, wanaume wakamcheka msimu mmoja, msimu wa pili wakaja kuiazima. Siku hizi karani hamwiti tena.

Mwaka juzi, mwezi wa tatu, watu wa utafiti waliwaita zahanati wenye kisukari wote, Mwahija akiwamo. Walimtia tone katika kila jicho, wakampiga picha ndani ya macho, wakasema majibu yataletwa. Msimu wa salfa ulipofika, moshi mweusi ulianza kuelea katika jicho la kulia. Hakushtuka. Nani amewahi kupulizia salfa macho yasimuwashe? Aliyaosha kwa maji ya mtungi, akangoja msimu upite. Korosho zilipoanza kudondoka, jicho lilikuwa limekufa, na kijiji kizima kikakumbuka lile tone.

Ndiyo maana gari la mradi wa utafiti liliposimama uwanjani kwake Jumatano hii, hakuna aliyewatolea wageni kigoda. Walikuwa wawili: Frank, msimamizi, na Stella, binti mwembamba aliyekumbatia begi kifuani.

“Shikamoo, mama,” alisema Stella.

Mwahija aliendelea kupepeta mchele. Shemeji yake Haruna, aliyekuwa akimenya mihogo barazani, ndiye aliyewakaribisha.

“Karibuni, waua macho! Shemeji yangu amebakiwa na moja. Mmelifuata na hilo?”

“Mzee, tone halipofui mtu,” alisema Frank. “Linapanua mboni tu ili tuone ndani. Baada ya saa chache linaisha nguvu.”

“Langu mbona linaingia mwaka wa pili?” aliuliza Mwahija, bila kuinua uso.

Stella aliingiza mkono katika begi, akatoa bahasha.

“Stella, hiyo siyo ya leo,” alisema Frank.

Binti hakumtazama. Aliifungua na kuisoma kwa sauti ndogo, hata Haruna akaacha kumenya ili asikie. Picha zilionyesha mishipa inavuja damu kwenye retina, ile ngozi nyembamba nyuma ya jicho, kwa sababu ya kisukari. Macho yote mawili. Mgonjwa apelekwe kutibiwa kwa mwanga wa leza kabla ya mwezi kwisha. Barua ilikuwa ya mwezi wa sita, mwaka juzi. Juu ya bahasha mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: Hakupatikana. Nyumba imefungwa.

Mwahija aliweka ungo chini.

“Mlikuja mwezi wa sita?”

“Walikuja wenzetu,” alisema Frank.

“Mwezi wa sita, Kiranjeranje, nani analala nyumbani? Tuko mashambani kwenye vibanda, tunapulizia. Hata kuku tunahama nao. Mngemuuliza mtoto yeyote barabarani, angewaleta mpaka mlangoni.”

Mwahija aliitazama bahasha mkononi mwa Stella.

“Kwa hiyo si tone.”

“Si tone, mama,” alisema Stella.

“Afadhali lingekuwa tone. Tone ningesema mlikosea. Hili mlilijua, mkalitia kwenye bahasha.”

Frank alijifuta shingo kwa leso. Alisema daktari mwenye mashine ya leza yuko Lindi mpaka Ijumaa, na jicho la kushoto bado linaweza kuokolewa, lakini si kwa kungoja. Gari lingempeleka leo hii. Ila gari ni la mradi, na mradi unabeba washiriki wake tu. Kwa hiyo akubali kwanza kuendelea na utafiti, atiwe tone, apigwe picha za mwaka huu, halafu apande.

“Na zile picha za kwanza ziko wapi?”

“Ziko kwenye kompyuta. Tunaifundisha kuutambua ugonjwa huu mapema, na inajifunza vizuri sana.”

“Mashaallah. Kompyuta imenitambua. Ninyi mkashindwa kuuliza njia ya shamba.”

“Shemeji,” Haruna alimwinamia, utani umemtoka, “panda gari. Watukane mkishafika Lindi.”

Mwahija alimgeukia. Uso wa Haruna ulikuwa na doa la kijivu katikati, mahali pa pua, na doa hilo jana halikuwapo. Aliogopa. Alitaka kulipanda lile gari kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu azikwe mumewe. Kisha akamwona Frank ameshatoa kichupa cha tone na kukifungua kizibo, kama mtu ambaye ameshajibiwa.

Stella alipiga magoti mbele yake, karatasi ya ridhaa juu ya paja.

“Mama, unakubali kuendelea na utafiti huu?”

“Sikubali,” alisema Mwahija. “Picha zangu zifuteni zote. Niandikie jina la huyo daktari, nitakwenda na basi kesho asubuhi.”