Shuka la Yangeyange

Shuka lenyewe ni jeupe, la pamba, la kitanda cha futi tano kwa sita. Nilikuwa nimelidarizi kwa mkono kwa karibu miaka miwili kabla maji hayajatukuta. Halikuwa la kuuza wala la bibi harusi. Nililishona kwa raha yangu tu. Pembeni kote nilizungusha yangeyange, wale ndege wanaofuata ng'ombe bondeni. Watu waliniuliza ndege mweupe ataonekanaje juu ya shuka jeupe. Niliwachora kwa uzi wa kijivu, midomo nikaitia uzi wa njano, na kati ya ndege na ndege nikaweka maua ya yungiyungi.

Tuliishi Mohoro: mimi, mama, mdogo wangu wa kiume, mkewe na mtoto wao mchanga. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya talaka, nikiwa na umri ambao watu hawakuulizi tena utaolewa lini. Asubuhi tulikwenda shamba. Baada ya sala ya adhuhuri na chakula nilitandika mkeka uani, nikakaza kitambaa kwenye fremu ya duara, nikaanza. Napenda ule mlio mdogo wa uzi ukipita kwenye kitambaa kilichokazwa. Napenda kuona ua ambalo jana halikuwapo. Wifi yangu alikuwa akija kukaa pembeni yangu na mtoto kifuani, akinichagulia rangi.

"Hapo tia kijani iliyoiva, wifi," aliniambia. "Hiyo nyingine kama ya mgonjwa."

Alikuwa na jicho zuri kuliko langu. Nilianza kumfundisha mshono wa mnyororo, akaushika kwa siku mbili.

Mama naye alikuwa na kitu chake, mbegu. Ulikuwa mpunga wa punje ndefu nyembamba, ukiivishwa nyumba nzima inanukia. Aliupata kwa mama yake, aliyeupata kwa wakwe zake. Kila mavuno mama alipita shambani peke yake akichagua masuke mazuri, anayakausha, anayapura kando, anajaza kiroba kimoja. Kiroba hicho kilining'inia jikoni juu ya moshi, wadudu wasikiguse. Hata mwaka wa njaa hakikuguswa.

Masika ile mto ulitoka kingoni, tukadhani ni kawaida yake. Siku ya nne maji yalikuwa yameingia uani. Siku ya tano yakapanda kizingiti, na mdogo wangu akaja na mtumbwi wa jirani kutuhamisha. Mama ana goti bovu, ikabidi abebwe. Kabla ya kubebwa alikitungua kile kiroba mwenyewe, akanipa mikononi.

"Hiki chako," alisema. "Usimpe mtu."

Mwenye mtumbwi alikuwa akipiga kelele nje kwamba tumejaa, kila mtu achukue mzigo mmoja tu. Wifi alikwishapanda, mtoto mgongoni, sufuria mapajani. Nilikuwa peke yangu chumbani, maji yakinifika magotini. Kiroba kilikuwa mkono wa kulia. Juu ya kitanda ulikuwa mfuko wangu wa shangazi kaja, ndani yake shuka, nyuzi zangu zote, fremu, na magauni mawili niliyoyatupia juu.

Sikufikiri sana. Mara nyingi nimejiambia kwamba nilichanganyikiwa, lakini si kweli. Niliviona vyote viwili, nikaviangalia, nikachagua. Nilikipandisha kiroba juu ya kabati, nikajisemea safari ya pili nitakifuata. Nikatoka na mfuko wangu.

Safari ya pili haikuwapo. Jioni hiyo ukuta wa upande wa chumba changu ulianguka, na nyumba yetu ya udongo ikaufuata.

Tulifikia Kibiti kwa ndugu wa mama, baadaye mdogo wangu akapata vyumba vya kupanga nyuma ya barabara kubwa. Siku ya kwanza ile ile, hata hatujakaa sawasawa, mama aliuliza.

"Mbegu ziko wapi?"

Kinywa changu kilijibu kabla yangu. "Nilidhani wifi amezichukua."

Wifi aliinua uso. Alikuwa akimnyonyesha mtoto. "Mimi, mama? Mimi sikupewa."

"Nilikiweka pale," nilisema, "nikajua yeye atapita nacho."

Alikuwa ameshapanda mtumbwini muda mrefu. Angeweza kusema hivyo. Lakini palikuwa na kelele, na kilio cha mtoto, na yeye ni mke wa watu mbele ya mkwewe. Alinitazama tu, kwa mshangao, kama mtu aliyekanyagwa na rafiki yake na bado anadhani ni bahati mbaya.

Mama hakupiga kelele. Alisema, "Kitu kidogo kama kile," akageukia ukutani.

Kuanzia siku hiyo hakukaa vizuri na mkwewe. Chai ikiwa nyepesi, ni yeye. Maji yakisahauliwa kufunikwa, ni yeye. Wageni wakija kutupa pole, mama aliwaeleza kuhusu mbegu, na akifika mahali fulani alisema, "Siku hizi ukimwachia kijana kitu, umekitupa." Wifi alikuwa akisikia. Siku moja nilimkuta nyuma ya choo akilia, kanga kinywani, nikarudi nyuma taratibu asijue nimemwona. Nilikuwa na neno moja tu la kumtoa pale. Nikenda kuosha vyombo.

Kwa miezi kadhaa sikugusa sindano. Mfuko niliusukuma uvunguni. Nilijiona kama ninajiadhibu, na kwa hiyo ninalipa kidogo kidogo. Kumbe nilikuwa naogopa tu mama asije akaliona lile shuka.

Lakini mikono ina hamu yake. Siku moja mama alikwenda kwenye maulidi, wifi na mumewe wakaenda kliniki na mtoto. Nyumba ikawa kimya. Nikavuta mfuko. Shuka lilikuwa limekunjwa vile vile, lina harufu ya matope ya Mohoro. Bado ndege watatu upande wa miguuni. Nikasema nitashona mdomo mmoja tu.

Niwe mkweli, ilikuwa saa tamu kuliko zote tangu tulipohama. Nilisahau Kibiti, nikasahau wifi, nikasahau hata kwamba ninaficha kitu. Nilikuwa nikiimba. Ndiyo maana sikusikia mlango.

Mama alikuwa amesimama juu yangu, viatu mkononi.

"Hilo si lile ulilokuwa ukishona nyumbani?"

"Ndilo, mama."

"Lilipona?"

"Lilipona."

Alikaa kwenye kigoda, polepole kwa ajili ya goti. Akashika upindo wa shuka, akapitisha kidole juu ya ndege mmoja. Nilimwona akihesabu mambo kichwani. Tulitoka na mzigo mmoja mmoja, na yeye mwenyewe alinipa kiroba mkononi.

"Nilikuambia usimpe mtu," alisema.

"Sikumpa mtu, mama. Nilikiacha juu ya kabati."

"Na wifi yako?"

"Hakujua lolote. Nilimsingizia."

Nilitegemea anipige, au alie. Nilitaka alie, ningepata la kufanya. Alikunja upindo wa shuka akaurudisha mapajani mwangu.

"Mimi mpunga wangu umeshakwenda," alisema. "Lakini yule binti nimemla nyama miezi yote hii kwa ajili yako. Akirudi utamwambia. Mbele yangu, na mbele ya mumewe."

Walirudi alasiri. Nilisema yote nikiwa nimesimama, maana kukaa mkekani nilijiona mwizi. Mdogo wangu alitoka nje. Mama akamwambia mkwewe, "Mwanangu, nimekukosea. Nisamehe kwa ajili ya Mungu." Wifi alipiga magoti akamshika mama mikono, akasema, "Yameisha, mama, yameisha," wakalia wote wawili. Kisha akanigeukia. Macho yalikuwa makavu.

"Nilikuwa nikikuchagulia rangi, wifi," alisema.

Basi. Alimchukua mtoto akaingia chumbani kwake.

Nilimaliza lile shuka kwa wiki mbili, nikalifua, nikalipiga pasi, nikampelekea. Alilifungua kwa adabu, akalitazama pembe zote nne kwa jicho lake lile lile zuri. Alisema mayungiyungi yametoka vizuri. Halafu akalikunja kwa mikunjo yake ya awali.

"Chukua, wifi. Mimi siwezi kulilalia."

Mama alituma watu kuulizia mbegu. Ndugu wa Mbwera walileta debe moja la mpunga wao, na mdogo wangu alipata kipande cha kulima karibu na barabara ya Ikwiriri. Ulipovunwa tuliupika. Ulikuwa mpunga mzuri. Mama alikula, akanawa, akasema alhamdulillah. Hakusema kitu kuhusu harufu, nasi hatukumuuliza. Mimi nilikula tonge tatu nikasema nimeshiba.

Sasa tunaishi vizuri, mtu akituona. Wifi ananiamkia, tunakula sinia moja, nikiumwa ananiletea uji. Mtoto wake ameanza kutembea na huja kunivuta nyuzi. Lakini nikitandika mkeka mchana, wifi huwa na kazi upande mwingine wa nyumba. Siku moja nilimwita, nikamwonyesha nyuzi mbili za kijani, nikamuuliza ipi. Alisimama pale mlangoni kidogo.

"Zote nzuri, wifi," alisema, akaendelea na ndoo yake.

Na mimi nashona. Nimeanza foronya, baada ya hizo nitashona kitambaa cha meza. Ningependa kusema kwamba raha yake imekwisha, kwamba kila nikichoma sindano naona kiroba juu ya kabati. Huwa nakiona nikifunga fremu, au nikiamka alfajiri. Nikiwa katikati ya ua, kiroba sikioni kabisa. Nafurahi kama zamani, na hilo ndilo ambalo sijamwambia mtu.