Darasa la Kushona Lisilo na Sindano

Nyumba ya kwanza niliyobisha hodi kuomba mwanafunzi nilisema kweli, nikafungiwa mlango. Nilimwambia bi mkubwa wa nyumba ile kwamba chuo cha watu wazima kimenipa kazi ya kusimamia michezo na mazoezi ya viungo upande wa wanawake, jioni baada ya swala ya alasiri, uani, ndani ya ukuta mrefu, na mwanamume hapo hapatikani hata wa dawa. Akanitazama kutoka utosini mpaka nyayoni. "Mke wa watu akarukeruke? Kwani ni mbuzi?" Kisha nikasikia komeo.

Nyumba ya pili nikasema tunafundisha kushona. Nikakaribishwa ndani, nikaletewa kahawa na halua.

Basi darasa langu likazaliwa katika uongo. Vita vikuu vya pili vilikuwa vimekwisha karibuni, na chuo kilikuwa kipya, kila mtu akikipigia debe. Wanaume, wengi wao watu wa bara wa bandarini na wa reli, walikuwa na uwanja wao na mpira wao wa miguu, wakipiga kelele wapendavyo, na hakuna mama wa mtu aliyewauliza wanajifunza nini. Sisi wa Mji wa Kale tulipewa ua, kamba mbili za kuruka, mpira mmoja wa netiboli, na pete ya chuma niliyoiagiza mwenyewe kwa mhunzi, tukaigongomea ukutani. Wanafunzi wangu waliingia na mabuibui yao, mkononi vikapu vya vitambaa. Vikapu viliwekwa pembeni, mabuibui yakatundikwa, kanga zikafungwa viunoni, na hapo, wallahi, ungeona mambo! Wake za watu, mama za watu, wanagombania mpira na kusukumana kama watoto waliotoroka madrasani. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuwanyamazisha, maana nyuma ya ukuta ule palikuwa na kichochoro, na darasa la kushona halipigi vigelegele.

Mmoja wao nilimpenda kuliko wote, nisiseme uongo zaidi. Alikuwa mke wa karani wa Kilindini, mwanamke mdogo bado, miaka kadhaa ya ndoa na mtoto hajapata. Aliishi na mama mkwe ambaye hakumtukana wala hakumnyima chakula, ila kila akipita humwangalia tumbo. Nyumbani kwa mumewe hakuwa na sauti. Uani kwangu alikuwa simba: ukimpa mpira chini ya pete, hesabu umeingia. Siku moja, anahema, jasho linamchuruzika, aliniambia, "Mwalimu, hapa tu ndipo ninapocheka."

Njia ya mwongo ni fupi, wasema wahenga. Yangu niliirefusha kwa sindano. Mama wakwe walitaka kuona kinachoshonwa, nami nikawa nashona: leso kwa huyu, foronya kwa yule, nguo ya mtoto kwa mwingine. Asubuhi nakaa dirishani kwa mama yangu nashona kazi za darasa zima, jioni nakwenda kuwarusha kamba wenye kazi hizo. Nilijiona mjanja. Nilikuwa nikicheka peke yangu.

Kisha mama mkwe wa yule binti, mke wa karani, akataka kofia.

Kofia ya viua si foronya. Ni kitambaa cheupe cha bafta kilichojaa vitundu, na kila kitundu kimezungushiwa uzi kwa mkono, polepole, mpaka macho yakuume. Huchukua miezi. Na kwetu, kofia ya namna hiyo mke humshonea mumewe. Mume akienda nayo kwenye swala ya Idi, watu humtazama kichwani wakajua nyumbani kwake kuna nini. Bi mkubwa alimwambia mkaza mwanawe, "Siku zote hizi wajifunza. Idi ijayo mwanangu avae kofia ya mkono wako. Kama huwezi, darasa hilo la nini? Kaa nyumbani."

Binti alinijia akilia. Hakujua kushona hata kifungo, na kosa lilikuwa langu, kwa kuwa niliyeahidi kumfundisha ni mimi. Ningeweza kumwambia, keti, tuanze leo. Badala yake nilimwambia, "Lete kipimo cha kichwa."

Alikileta kwenye uzi. Alikuwa amempima mumewe amelala, akafunga fundo pale uzi ulipokutana.

Mimi nilikuwa mtalaka. Kofia nilikuwa nimeshona moja tu maishani, ya mume wangu, na talaka yangu alinipa akiwa ameivaa. Nilikuwa nimeapa sitashona nyingine. Lakini nilipoanza kuchora maua juu ya bafta, mkono ulikumbuka wenyewe. Uzi ule wa kipimo nikawa nauzungusha kidoleni huku nafikiri. Mwanzoni nilimfikiri mwanafunzi wangu na mpira wake. Baadaye, Mungu anisamehe, nikawa namfikiri mwenye kichwa. Nilianza kuchagua ua gani litampendeza. Nilifumua upande mzima kwa sababu tundu zilikuwa nzuri, na mimi nilizitaka nzuri zaidi. Nani alinituma?

Idi ikafika, akaivaa. Maneno yakaenea mtaani kwamba mke wa karani ana mkono wa dhahabu. Mumewe, niliambiwa, alifika nyumbani kutoka msikitini akasimama mbele ya mkewe, akamshika mkono akaubusu. Binti alinihadithia hayo akiwa ameinamisha kichwa. Nilidhani ni haya.

"Mwalimu," akasema, "nifundishe kushona. Kofia ya pili nataka iwe ya mkono wangu."

Na mimi nikamjibu nini? Nikamwambia asijisumbue, sindano itamharibu vidole na sisi tunamtaka kwenye pete. Nikamwambia, "We cheza, mwanangu. Kushona niachie mimi." Alirudi kuniomba tena, nikampa udhuru mwingine, mara uzi umeadimika, mara nina shughuli. Uzi ulikuwepo. Ile ya pili nilikuwa nimeshaianza. Na kila Ijumaa mumewe alipopita chini ya dirisha letu kwenda msikitini nilikuwa nachungulia, najidanganya naiangalia kazi yangu. Kofia gani hutazamwa mpaka mwenyewe apotee kwenye kona? Nilijiona mwizi, na bado Ijumaa iliyofuata nikachungulia tena.

Siku ya siku, alasiri, nikasikia hodi. Ni mama mkwe mwenyewe, na nyuma yake mwanafunzi wangu. Nikawakaribisha mkekani, tukaulizana hali, wazima, watoto hawajambo, alhamdulillahi. Bi mkubwa akanywa kahawa yake taratibu kisha akasema:

"Tulikuwa na wageni kutoka Lamu. Mmoja akamwambia huyu, hebu nionyeshe wamaliza vipi tundu zako. Nikampa sindano mbele yao. Akaishika mfano wa mtu ashikaye nge. Kisha akalia, akasema kweli yote. Ati hamshoni nyinyi, mwacheza mpira, na kofia ile ni ya mkono wako."

Uso umeumbwa na haya. Wangu siku ile sikujua niuweke wapi. "Nisamehe, bi mkubwa," nikasema. "Mwongo ni mimi, huyu hana kosa."

"Sikuja kugombana." Akaweka kikombe chini. "Mimi namtafutia mwanangu mke wa pili. Hilo huyu yuwalijua, sikumficha, nyumba yataka mtoto. Nahangaika huku na huku, kumbe mwanangu keshavishwa. Mkono ulioshona kofia ile ndio niutakao nyumbani kwangu. Nimesema na mwanangu mwenyewe, na hakukataa. Nasikiliza neno lako."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni! Mimi, mwalimu, naposwa mbele ya mwanafunzi wangu, kwa mume wake, kwa kofia niliyoishona ili mwanafunzi huyo asinyang'anywe mchezo. Ningepaswa kucheka, au kulia, au kusimama nikasema la kabla bi mkubwa hajafunga mdomo. Jibu lilikuwa hilo tu. Nilikuwa nimeketi na mtu aliyeniamini na siri yake, na mumewe ndiye mtu pekee aliyekuwa naye nje ya ule ua.

Nikanyamaza. Hakuwa mtu mbaya, yule karani, na mimi nilikuwa nimechoka kuwa binti wa mama yangu. Niliiona nyumba ile, nikajiona namtilia maji ya kunawa akirudi kazini. Yote hayo niliyaona nikiwa nimekodolea macho maua ya mkeka. Nilipoinua uso, binti alikuwa akinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa akingoja.

"La, bi mkubwa," nikasema. "Haiwezekani. Huyu ni kama mwanangu."

Bi mkubwa hakushurutisha. Aliinuka, akatengeneza buibui lake, na mlangoni akageuka. "Basi. Lakini na huyu asije tena kwa kujificha. Kama ni kucheza, acheze, ruhusa anayo. Pengine viungo vikinyooka Mungu atamjaalia. Uongo ndio uliotuchosha."

Fikiria hayo! Jambo nililolitafutia uongo, foronya na kofia, limetolewa bure na mwanamke niliyemwogopa kuliko wote. Darasa lililofuata nilikwenda mapema. Nilifagia ua mwenyewe. Wenzake wakaja, wakatundika mabuibui, wakauliza binti yu wapi. Nikawaambia yuko njiani. Tukacheza bila mtu wa pete, na kila mlango ulipolia niligeuka.

Hakuja siku ile, wala iliyofuata. Nikasema labda ni mgonjwa, labda amekatazwa. Mwisho nikakutana naye kwenye kivuko cha Feri, yeye na jirani yake mmoja wakingoja kuvuka Likoni. Nikamvuta kando.

"Mbona huji? Mkweo amekukataza?"

"Hajanikataza, mwalimu. Kila siku aniambia niende."

"Mumeo je?"

"Naye aniambia niende."

"Sasa nini, mwanangu? Posa niliikataa. Si ulinisikia? Nilikataa mbele yako."

Akarekebisha buibui usoni, adabu yake ile ile ya siku zote. "Nilikusikia," akasema. "Ulikataa baada ya kufikiri."

Feri ikafika, watu wakaanza kusukumana. Akaniaga vizuri, akanitakia heri, akaingia na mwenzake. Sikumfuata, maana alichosema ni kweli.